Kabla Sababu Haijaulizwa: Kuachishwa Kazi Kuanzia Mtera

Barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita juu ya tuta la bwawa la Mtera, na mpaka wa mikoa hiyo miwili uko hapo hapo. Msafiri huukumbuka mpaka huo kwa perege wa kukaanga wanaouzwa kando ya lami. Aliyefukuzwa kazi ana sababu nyingine ya kuukumbuka. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007 zinataka mgogoro wa kazi usikilizwe na ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayohusika na eneo ambako chanzo cha mgogoro kilitokea. Sasa mchukue mlinzi wa ghala upande wa Migoli, mkoani Iringa. Ameajiriwa na wakala wa Dodoma mjini, na amepigiwa simu asirudi lindoni wakati amevuka kwenda kununua unga upande wa pili. Aende ofisi ipi? Mwanasheria atalijibu swali hilo kwa dakika moja. Mlinzi anaweza kuhangaika nalo wiki mbili, na huku anahangaika siku zake 30 zinakatika.

Siku 30 ndizo alizopewa mfanyakazi wa Tanzania Bara kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi isivyo halali. Zinaanza siku alipoachishwa, au siku mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine, kama mshahara uliocheleweshwa au likizo isiyolipwa, yana siku 60. Yaani anayedai posho ana muda mara mbili ya anayedai kazi yenyewe.

Mijadala yetu kuhusu kufukuzwa kazi hupenda kuzunguka kiasi cha fidia. Waajiri wanalalamika kwamba mishahara ya miezi 12 inaua biashara ndogo, vyama vya wafanyakazi vinajibu kwamba miezi 12 si kitu kwa mtu aliyepoteza kila alichokuwa nacho. Naona tunagombania mwisho wa safari wakati watu wanaangukia mlangoni. Mahali kama Mtera, swali la iwapo sababu ya kumwachisha mtu ilikuwa ya haki huja la tatu kama linafika kabisa. Mbele yake yapo maswali mawili: uliajiriwa na nani, na uliachishwa lini. Asiyeweza kuyajibu hayo hataulizwa lolote juu ya haki.

Ukiisoma sheria yenyewe bila kutazama mazingira, utasema mfanyakazi wa Tanzania kabarikiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri awe na sababu halali, iwe ni utovu wa nidhamu, kutomudu kazi, kutoelewana kunakoharibu kazi, au mahitaji ya uendeshaji wa shughuli. Inamtaka pia afuate utaratibu wa haki. Kimoja kikikosekana, kumwachisha mtu si halali. Na mzigo wa kuthibitisha haubebwi na anayelalamika, anaubeba mwajiri. Mwajiri asipoweza kuleta mkataba wa maandishi mbele ya mwamuzi, ni yeye anayepaswa kuthibitisha au kukanusha masharti ambayo mfanyakazi anadai yalikuwapo. CMA haitozi ada ya kufungua shauri, na si lazima uende na wakili. Kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi au mwakilishi uliyemchagua anaweza kukusemea.

Ulinzi huo haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1964 serikali ilitunga Sheria ya Usalama wa Ajira, iliyoweka kamati za wafanyakazi sehemu za kazi na kuyaondoa mahakamani mashauri ya kufukuzwa kwa makosa ya nidhamu, yaende kwenye mabaraza ya usuluhishi na hatimaye kwa Waziri. Mwaka huo huo vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na NUTA ikaundwa chini ya mkono wa serikali, kwa hiyo usalama wa ajira ulikuja pamoja na hatamu. Mwongozo wa TANU wa 1971, uliowakemea viongozi wanyapara, uliwapa watu ujasiri ambao chama chenyewe hakikuutarajia. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walikitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Hata ile miezi 12 inayolalamikiwa leo kama zigo la kisasa ina mizizi huko: marekebisho ya miaka ya 1970 yalimtaka mwajiri aliyekataa kumrudisha mtu kazini alipe mishahara ya miezi 12 pamoja na kiinua mgongo.

Kisha ikaja miaka ya 1990, na neno likawa kupunguzwa. Mashirika ya umma yaliuzwa au kugawanywa. Benki ya Taifa ya Biashara ilivunjwa vipande mwaka 1997, na katika miji ya reli kama Dodoma kila ukoo ulikuwa na mtu wake aliyepunguzwa. Mwaka 2002 uongozi wa TANESCO, shirika lenye mitambo ya Mtera, ulikabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini, NetGroup Solutions. Wafanyakazi walipinga, wengi wakiogopa kupunguzwa, na mameneja wapya waliingia makao makuu chini ya ulinzi wa polisi. Mkataba ule ulikwisha mwaka 2006. Sheria mpya ya kazi, iliyotungwa katikati ya mambo hayo, ilianza kutumika karibu wakati huo huo, na vifungu vyake juu ya upunguzaji vinasomeka kama vya watu waliojifunza kwa maumivu.

Tukirudi Mtera, tuangalie nani anafanya kazi gani. Bwawa lilijengwa ili kuihifadhia maji mitambo ya Kidatu iliyo chini yake kwenye Ruaha Mkuu. Kituo chake chenyewe cha megawati 80 kilianza kuzalisha umeme mwaka 1988. Hapo pana watumishi wa kudumu wa TANESCO, wenye barua za ajira, namba za pensheni na tawi la chama cha wafanyakazi. Wanaowafuata ni watu wa wakandarasi na mawakala: walinzi, wafagizi, mafundi wa muda. Majini wako wavuvi, ambao wengi wao hawana mtumbwi wala nyavu, wanazipeleka nyavu za tajiri na kugawana mapato baada ya gharama kukatwa. Na kando ya barabara kuna wahudumu wa migahawa, wasichana wa gesti, vijana wa kupakia samaki na vibarua wa mashamba ya mbogamboga yanayofuata maji yanaporudi nyuma.

Tabaka hizi nne zinakula samaki wa ziwa moja, ila mbele ya sheria ya ajira hazifanani hata kidogo.

Anza na wavuvi, kwa sababu hao ndio husemwa harakaharaka kuwa si waajiriwa. Tajiri husema wao ni wabia, wanagawana. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, ina kifungu kimoja, cha 61, ambacho kingepaswa kubandikwa kwenye kila mwalo. Kinasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lolote kati ya mambo haya lipo: mwingine anaelekeza namna anavyofanya kazi au saa zake, yeye ni sehemu ya shughuli ya mwingine, amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kimapato, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Kumbuka neno lolote. Si lazima yatimie yote. Mvuvi anayeingia majini kila usiku kwa mtumbwi wa tajiri, kwa nyavu za tajiri, na kumuuzia tajiri huyo huyo, anagusa karibu kila kipengele. Namna ya malipo, kwa mgao au kwa mshahara, haibadilishi uhusiano huo yenyewe.

Najua ubishi utakaokuja. Tajiri wa Mtera naye mara nyingi ni mtu wa mitumbwi miwili na deni la mafuta, na ukimwambia ampe kila mvuvi barua ya ajira atauza nyavu. Huenda. Lakini hoja hiyo inahusu uwezo wa kulipa, na sheria ina nafasi ya kuupima uwezo. Haihusu kama mtu ni mwajiriwa au la. Tukichanganya hayo mawili, mwajiri yeyote atakayejiita maskini atakuwa amefuta ajira za watu wake kwa kujisikitikia.

Kwa vibarua wa wakandarasi tatizo limejificha kwenye mkataba. Sheria ya 2004 ilitambua mikataba ya aina tatu: isiyo na ukomo, ya muda maalumu kwa wanataaluma na mameneja, na ya kazi mahususi. Mkataba wa muda maalumu haukukusudiwa kwa mfagizi wala mlinzi, lakini nenda popote uone mikataba ya miezi mitatu mitatu inayosainiwa kama daftari la mahudhurio. Faida yake kwa mwajiri ni wazi. Mkataba wa muda ukifika tarehe yake unajifia wenyewe, na mfanyakazi hawezi kulalamika mpaka aonyeshe kuwa alikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa. Kuna pia kizingiti cha miezi sita: aliyefanya kazi chini ya hapo kwa mwajiri yule yule halindwi na vifungu vya kuachishwa isivyo halali. Mwajiri mjanja ana kalenda kichwani.

Na kibarua asiye na karatasi yoyote hafukuzwi kabisa. Anaambiwa, "Tutakuita kazi ikipatikana." Hakuna barua, hakuna ugomvi. Anangoja mwezi, anangoja wa pili kwa sababu hataki kuonekana mkorofi, na anapogundua kwamba mwingine ameshashika koleo lake, siku 30 zimepita zamani. Hapo ndipo swali la lini linapoua madai ya kweli kabisa. Kanuni zinamruhusu kuomba aongezewe muda, lakini lazima aeleze sababu ya msingi ya kuchelewa, na kusema kwamba ulikuwa ukingoja kuitwa si sababu inayompendeza kila msuluhishi. Mfanyakazi wa Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ana miaka mitatu ya kufungua shauri lake. Sielewi kwa nini mtu wa Taveta apewe miaka mitatu na mtu wa Holili, ng'ambo tu ya mpaka, apewe mwezi mmoja, kana kwamba shida inatembea kwa kasi tofauti.

Watetezi wa siku 30 wanasema muda mfupi unawahi ushahidi ukiwa bado mbichi na kumwezesha mtu kurudi kazini kabla nafasi yake haijazibwa. Hoja hiyo ina maana kama kweli watu wangerudishwa kazini. Sheria inataja kurudishwa kama nafuu ya kwanza, lakini inampa mwajiri mlango wa kutokea: akikataa amri ya kumrudisha, alipe mishahara ya miezi 12 juu ya ile iliyolimbikizwa tangu siku ya kumwachisha. Tukikubali kwamba aghalabu mwisho wa shauri ni fedha, haraka ya siku 30 inabaki bila mtu inayemsaidia isipokuwa anayedaiwa.

Watumishi wa kudumu nao, walioonekana salama kuliko wote, wana njia yao yenye miiba. Marekebisho ya mwaka 2016 kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma yaliamuru kwamba mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za rufaa za utumishi kabla ya kugusa sheria za kazi. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba watumishi wa mashirika ya umma nao wamo. Kwa hiyo mtumishi wa shirika anayekimbilia CMA ndani ya siku 30, kama alivyoshauriwa na jirani aliyeajiriwa na mtu binafsi, anaweza kutimiza muda na bado ashindwe kwa kubisha mlango usio wake.

Na Dodoma imeshuhudia kitu kikubwa kuliko hicho. Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 waliotajwa kuwa na vyeti vya kughushi wakaambiwa waondoke. Kughushi cheti ni kosa la jinai, na sitamtetea aliyefanya hivyo. Ila kanuni ya kumsikiliza mtu kabla ya kumhukumu haikuwekwa kwa ajili ya wasio na hatia tu. Iliwekwa kwa sababu orodha ya watu elfu tisa haiwezi kukosa makosa. Mfano ulikuwa karibu. Katika uhakiki huo huo waliondolewa watumishi wa darasa la saba, madereva na walinzi miongoni mwao, na mwaka 2018 serikali ikageuka na kuagiza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini. Walirudi, lakini hawakurudishwa na baraza wala mahakama. Walirudishwa kwa tamko, baada ya kelele bungeni na mitaani. Mwaka 2022 serikali ikatangaza kuwarejeshea wenye vyeti vya kughushi michango yao ya pensheni, nalo likiwa tamko vilevile. Nchi yenye taratibu nzuri za kusikiliza migogoro inapomaliza migogoro yake mikubwa kwa matamko, wafanyakazi wanajifunza kungoja huruma badala ya kujaza fomu.

Upunguzaji ni mgogoro wa aina nyingine, maana hakuna aliyekosa. Mtera inaufundisha vizuri kwa sababu ya maji. Ziwa hili hupanda na kushuka. Oktoba 2015 maji yalipungua mpaka mitambo ya nguvu za maji nchini, Mtera ikiwemo, ikalazimika kuzimwa. Mwajiri binafsi anayekutwa na hali ya namna hiyo, tuseme mwenye kiwanda cha barafu au ghala la samaki, ana sababu halali ya kupunguza watu. Sheria haimkatalii. Inamtaka atoe taarifa mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi kuhusu sababu, njia za kuepuka, namna ya kuchagua wa kuondoka, wakati na malipo. Wasipoafikiana, suala liende kwa msuluhishi.

Kinachoharibika mara nyingi ni lile neno kushauriana. Mwajiri huita kikao kuwapa watu barua zilizokwisha kuchapwa, kisha karatasi ya mahudhurio ya kikao hicho inaletwa CMA kama ushahidi wa mashauriano. Kinachotakiwa ni mazungumzo kabla ya uamuzi. Huenda wavuta barafu wenyewe wangekubali nusu zamu kwa miezi mitatu. Huenda mmoja alikuwa anataka kuondoka tangu zamani. Vigezo vya kuchagua navyo vinapaswa kujulikana mapema. Kile cha wa mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka kinakubalika, ilimradi kisigeuzwe kwa yule binamu wa meneja aliyeingia jana.

Halafu malipo. Kiinua mgongo cha Tanzania ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakoma kwenye mwaka wa 10. Aliyefanya kazi miaka 10 anapata siku 70. Aliyefanya miaka 25 anapata siku 70 hizo hizo. Kenya, mtu anayepunguzwa hupata angalau siku 15 kwa kila mwaka bila kikomo cha miaka, kwa hiyo miaka 25 ni siku 375. Lakini kwa kuachishwa isivyo halali mambo yanapinduka: Kenya miezi 12 ni dari, wakati sheria yetu ya 2004 iliifanya miezi 12 kuwa sakafu. Matokeo ni kwamba anayeachwa kwa amani hapa kwetu anapata kidogo mno, na anayeachwa kwa ugomvi anaweza kupata kingi. Sheria yenyewe inamfundisha mfanyakazi aliyepunguzwa kihalali kutafuta kosa la utaratibu, kwa sababu huko ndiko kuliko na fedha. Marekebisho yaliyoanza mwaka 2025 yameanza kutofautisha viwango kulingana na aina ya kosa la mwajiri, na kabla ya hapo Mahakama ya Rufani ilikwisha kukubali fidia chini ya miezi 12 pale ambapo ni utaratibu tu uliokiukwa. Lile pengo la siku 70 halijaguswa kwa uzito unaostahili.

Hapo nawaelewa waajiri wadogo. Mama mwenye gesti ya vyumba sita anamkamata mhudumu akiuza shuka zake. Anamfukuza jioni hiyo hiyo mbele ya mashahidi. Kwa akili ya mtaani amefanya haki. Kwa kanuni za 2007 alipaswa kuchunguza, kumwandikia shutuma kwa lugha anayoielewa, kumpa angalau saa 48 za kujiandaa, kumruhusu aje na mwenzake, kumsikiliza, kisha kutoa uamuzi na kumweleza haki ya rufaa. Rufaa kwa nani, ikiwa mama ndiye mwenye gesti, meneja na mhasibu? Taratibu hizi zilishonwa kwa kipimo cha kampuni yenye ofisa utumishi. Hata hivyo sioni kwamba mama ananyimwa kitu kikubwa. Karatasi moja ya shutuma, siku mbili za kungoja, shahidi mmoja kila upande na daftari la kuandika yaliyosemwa vinaweza kumwokoa. Ambacho hakipo ni mtu wa kumwambia hivyo kabla hajafukuza. Ofisi za Maafisa Kazi ziko makao makuu ya mikoa, na kutoka Mtera huko kote ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi.

Umbali huo unarudi kwenye kila hatua. Fomu namba moja ya CMA lazima mwajiri apelekewe nakala kwanza, na uthibitisho wa kuipokea uambatanishwe. Mkandarasi aliyekwisha hamisha kambi anapokelea wapi? Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, linakuja shauri la uamuzi, lenye mashahidi na tarehe zinazoahirishwa, na kila tarehe ni nauli. Asiyeridhika na tuzo ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Aliyeshinda na bado hajalipwa hana budi kufungua maombi mengine, ya kukaza tuzo kama hukumu ya mahakama, na kuonyesha mali ya mwajiri inayoweza kukamatwa. Mkandarasi wa barabara au wa kusafisha njia za umeme mali yake ina magurudumu, na kufikia wakati huo greda limeshavuka mikoa mitatu.